Risiti Isiyofutika



Tulipomzuru binti yetu aliyeolewa Ewuaso Kedong, katika kaunti ya Kajiado, tulimkuta dukani na mzee wa Kimaasai. Mzee alinunua pampu ya kunyunyizia mifugo dawa miezi saba nyuma, kwa dhamana ya mwaka mmoja, nayo imeharibika. Alitoa risiti yake, aliyoihifadhi vizuri ndani ya mfuko wa plastiki: karatasi nyeupe, haina hata herufi moja. Alipewa pampu nyingine kwa kuwa binti yetu alimkumbuka. Lakini je, angalikuja mtu asiyekumbukwa?

Mashine nyingi za risiti siku hizi hazitumii wino. Karatasi yake imepakwa dawa igeukayo nyeusi inapoguswa na joto. Ukiikwaruza kwa ukucha upande uliopakwa, huacha alama. Jua, mafuta ya mikononi na baadhi ya plastiki huyafifisha maandishi, na joto kali huweza kuitia weusi karatasi nzima. Kumbe mfuko ule wa mzee huenda ndio uliomponza.

Basi tununuapo karatasi, tusitazame bei peke yake. Kwanza, upana ulingane na mashine; nyingi huchukua milimita 57 au 80. Pili, tumuulize muuzaji iwapo ina tabaka la juu la kuilinda, na maandishi yake hudumu miaka mingapi. Tatu, tuchague isiyo na bisfenoli, dawa inayohofiwa kuvuruga homoni za mwili. Umoja wa Ulaya umeizuia aina yake ya A katika karatasi hizi tangu Januari 2020. Anayeshika risiti kutwa, hasa mjamzito, anawe mikono kabla ya kula, wala watoto wasipewe risiti kuchezea.

Roli za akiba ziwekwe kabatini, mbali na dirisha na jiko. Sheria ya Kenya ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara ahifadhi kumbukumbu zake kwa miaka 5. Basi risiti za manunuzi yetu tuzitoe nakala au tuzipige picha mapema. Na bidhaa yenye dhamana, au iliyokopeshwa, iandikwe pia kwa kalamu ya wino katika daftari, na mnunuzi apewe nakala.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Hatuoni kuwa tumetimiza amana hiyo ikiwa tumeandika kitakachofutika kabla ya haki ya mtu kutimia. Tofauti ya bei ya roli ni ndogo. Haki ya mzee yule si ndogo.