Jirani Mwema Alivyogeuzwa Kichekesho

Ndugu msomaji, usiseme kuwa katuni za televisheni ni mambo ya watoto. Nyuma ya kila kikaragosi kinachokuchekesha yupo mtu mzima aliyekaa akaandika, naye anajua anakupeleka wapi.

Mtazame Ned Flanders, jirani wa Homer katika The Simpsons, mchezo wa Kimarekani ulioanza mwaka 1989. Flanders si mwenye mchezo. Ni mtu wa pembeni. Hapo mwanzo waandishi walimjenga kwa insafu: mpole, mshika dini yake ya Kikristo, mlezi wa watoto wake. Homer huazima vitu vyake harudishi, naye hamnunii. Wema wake ulikuwa kioo, na aliyeonekana aibu zake humo ni Homer. Katika kisa cha mwaka 1991, Flanders alifungua duka la vifaa vya watu watumiao mkono wa kushoto, na Homer kwa husuda akamtakia lifilisike. Lilipokaribia kufa, na jirani akawa hana pa kukaa, Homer alijuta, akawaita watu wa mkono wa kushoto waje kununua. Kicheko kipo na somo lipo.

Kisha je? Miaka ilivyozidi, waandishi waliishika sifa moja tu, dini, wakaivuta na kuivuta mpaka mtu akapotea ikabaki sifa. Flanders akawa mshupavu wa kuchekwa kila afunguapo mdomo. Watazamaji wenyewe waliiona kasoro hiyo, wakaitungia neno kutokana na jina lake, na leo hutumika kwa kila mhusika aliyeharibiwa hivyo.

Utaniambia, "Sheikh, huo ni mzaha tu." La hasha! Kumcheka hasidi ni kumrudi. Kumcheka mtu kwa kuwa anasali ni kuufundisha moyo kuona haya kusali. Na mtoto wako atazamaye peke yake, nani atamweleza tofauti?

Lakini kabla hujawalaumu waandishi hao, jitazame. Nani mtaani kwako uliyemfanyia vivyo hivyo? Mmoja umemwita bahili, mwengine "ustadhi" kwa dhihaka, na zaidi ya hapo hutaki kumjua. Suratul Hujurat imekataza dharau na kubandikana majina mabaya. Mwandishi ameharibu mtu wa wino. Wewe unamharibu mja wa Mwenyezi Mungu, naye siku ya hesabu atakudai.