MBUNGE WA KUWEKWA ANASEMA KWA JINA LA NANI?

Wandugu wafanyakazi wa shaba, na ninyi wote wakaaji wa Kenya, Katuba, Ruashi, Likasi na Kolwezi!

Kuna watu wanaotuambia: «Mbunge aliyewekwa na wakubwa si mbaya. Afazali mtu anayesema maneno mawili katika baraza kuliko kiti kitupu.» Sisi wa chama tunajibu: tuulize kwanza maneno yake yanafika wapi.

Desturi hii si ya leo. Sheria ya Wabeleji ya 1908 ilisimamisha Baraza la Koloni kule Bruxelles. Washauri walikuwa 14: Mfalme aliweka 8, Bunge la Ubelgiji likatoa 6, na Waziri wa Koloni akashika kiti cha mbele. Raia wa Kongo hawakumchagua hata mmoja. Kule Léopoldville kulikuwa Baraza la Serikali chini ya Gavana Mkuu. Kwa miaka mingi waliosemea «faida ya wenyeji» mle ndani walikuwa Wazungu, na mapadri kati yao. Tarehe 9 Desemba 1941, askari walipowapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Élisabethville kwa ajili ya mshahara, hakuna Mkongomani aliyekuwa na kiti katika baraza lile.

Baada ya vita wakaanza kuweka Wakongomani wachache. Walisema? Ndiyo, walisema. Lakini baraza lenyewe lilikuwa la kutoa shauri tu. Gavana Mkuu akipenda anasikia, asipopenda anafunga kitabu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Ndiyo maana tulitaka uhuru, na mwezi wa Mei 1960 raia wakapiga kura, wakatuma wadepite 137. Lakini uhuru wa bendera haukuondoa desturi ya kuwekwa. Mwaka 2000, huku kwetu Lubumbashi, lilifunguliwa bunge la watu 300, na hakuna raia aliyewapigia kura. Prezida Laurent-Désiré Kabila ndiye aliyewapa viti. Mtu aliyepewa kiti kwa dekreti atasimama namna gani mbele ya mwenye dekreti na kumwambia: «Umekosa»?

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa neno linagusa sahani yenu.

Kutoka 2003 mpaka 2006 inchi ilikuwa na Bunge la watu 500 na Senati ya watu 120. Wote waliwekwa na makundi yaliyopatana kumaliza vita: watu wa serikali, watu wa waasi, vyama na mashirika ya raia. Mwaka ule ule wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango uliosukumwa na Benki ya Dunia. Waliuita «kuondoka kwa kupenda». Baba mwenye watoto, ambaye hajapata mshahara miezi na miezi, anapenda nini?

Katika Bunge lile alikuwamo Christophe Lutundula. Aliongoza komisyo ya kuchungua mikataba iliyotiwa sahihi wakati wa vita za 1996 na 1998: ya madini, ya misitu na mengine. Tuseme haki: walifanya kazi ya wanaume. Walionyesha mikataba ya kufuta na mikataba ya kuanza upya, wakashauri serikali isitie sahihi mipya mpaka raia wapige kura. Rapoti ikawekwa mezani mwa Bunge mwezi wa Juni 2005.

Kisha? Ikalala. Wabunge walikuja kuipata mwanzo wa 2006 tu, na mazungumzo ya Bunge zima juu yake hayakufanyika hata siku moja. Na mwaka ule ule wa 2005, wakati rapoti inalala, mikataba mikubwa ya Gécamines, ya Kamoto na ya Tenke Fungurume, ilipitishwa na serikali.

Kwa sababu gani? Jibu si gumu. Waliotia sahihi mikataba ya vita ni wakubwa wa serikali na wakubwa wa waasi. Waliowaweka wabunge ni wakubwa hao hao. Basi mtoto aliambiwa amhukumu baba yake, na chakula bado kiko mikononi mwa baba. Mwema mmoja, hata kumi, hawawezi kitu katika nyumba ambayo ufunguo unashikwa na mshitakiwa.

Mtu atasema: «Hata wa kuchaguliwa anakula rushwa.» Kweli, tumewaona. Lakini wa kuchaguliwa ana siku yake ya hesabu: atarudi Katuba kuomba kura, na Katuba itamuuliza. Wa kuwekwa atarudi kwa nani?

Leo Katiba ya 2006, artikli 197, inaruhusu mabunge ya provensi kuingiza watu bila kura ya raia, wasipite sehemu moja ya kumi. Ndiyo njia ya machefu wa kienyeji. Sisi tunaheshimu machefu wetu. Lakini mchanga wa shaba unatoka katika udongo wao, na kompani zinajua mlango wa chefu kuliko mlango wa mfanyakazi. Basi chefu akisimama katika Bunge juu ya madini, watu wa kambi na wa mitaa wana haki ya kujua alisema nini.

Tunataka mambo matatu. Maneno ya kila mbunge, wa kura na wa kuwekwa, yachapwe na kusomwa mitaani. Mikataba ya madini izungumzwe milango wazi, mbele ya sahihi, si nyuma yake. Na rapoti yoyote ya komisyo iwe na siku yake ya mazungumzo, isiwe chakula cha panya.

Wandugu, kabla ya kumpigia makofi mtu anayesema vizuri katika Bunge, ulizeni: ni nani aliyempa kiti, na ni nani anayeweza kumnyang'anya? Kama si ninyi, hasemi kwa jina lenu.