Basoko: Mtandao mmoja ukifungwa, mjadala wa siasa unapita wapi?

Tangu Rais Félix Tshisekedi atangaze mjini Kisangani, tarehe 23 Oktoba 2024, kwamba anataka tume ya kuandaa katiba mpya, wakaaji wa Tshopo hawajaacha kubishana juu ya kifungu cha 220. Ndicho kinachokataza kugeuza idadi na muda wa mihula ya rais. Zamani mabishano ya namna hii yalikuwa kazi ya "wabunge wa kusimama", wale wanaokusanyika kando ya barabara mbele ya vichwa vya magazeti. Leo sehemu kubwa imehamia kwenye simu: kundi la WhatsApp la familia, la kanisa, la wanafunzi, la watoto wa Basoko wanaoishi Kisangani na Kinshasa.

Basoko iko karibu kilometa 200 kutoka Kisangani ukishuka na mto, pale Aruwimi inapoingia katika mto Kongo. Kule habari huja kwa redio, kwa mashua na kwa simu. Kwa hiyo swali la nani anashika ufunguo wa mtandao linawahusu watu wa Basoko kama linavyowahusu wakubwa wa Kinshasa.

Na ufunguo huo umekwisha kutumiwa mara nyingi. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Ikakatwa tena mwisho wa Desemba 2017, kabla ya maandamano ya Wakatoliki. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, nchi nzima iliingia gizani kwa karibu siku 20. Februari 2025, Goma ilipokwisha kuanguka mikononi mwa M23, X na TikTok zilizuiwa.

Mfano wa Airtel na Vodacom

Ndipo linapokuja wazo la mitandao isiyo na mwenyewe mmoja. Mtu wa Airtel anaweza kumpigia mtu wa Vodacom bila shida, ijapokuwa kampuni ni mbili. Lakini mtu wa Facebook hawezi kumjibu mtu wa TikTok bila kujiandikisha kule. Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Mjerumani Eugen Rochko, inafuata njia ya simu: kuna seva nyingi, kila moja ina mwenyewe na kanuni zake, na zote zinasemezana kwa lugha moja ya kompyuta, ActivityPub, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2018.

Tena ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani anaweza kuusoma, kuurekebisha, kuutafsiri katika Kilingala au Kiswahili, na kuuweka kwenye seva yake bila kuomba ruhusa Marekani.

Je, hiyo ingesaidia siku ya kufungwa? Inategemea ni mlango gani umefungwa. Serikali ikizuia X na TikTok, kama mwaka 2025, mtu mwenye seva nyingine anaendelea kuongea, na kuziba seva mia si rahisi kama kuziba moja. Ikikatwa intaneti yote, kama mwaka 2018, Mastodon nayo inanyamaza.

Hapo zinabaki programu kama Briar na Bitchat, ambazo zinaweza kupitisha ujumbe kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu. Nchini Uganda, kabla ya uchaguzi wa Januari 2026, mpinzani Bobi Wine aliwaomba wafuasi wake waweke Bitchat, na kweli intaneti ilikatwa siku mbili kabla ya kura. Lakini Bluetooth haifiki mbali. Sokoni ambako watu wamebanana, ujumbe unaweza kutembea. Kati ya vijiji viwili vinavyotenganishwa na msitu, hapana.

Yaliyokwisha kujaribiwa kwetu

Mashariki mwa Kongo si mgeni katika mambo haya. Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya Januari 2008 baada ya machafuko ya uchaguzi, ilitumiwa mwaka huohuo kukusanya habari za mapigano ya Kivu. Katika kisiwa cha Idjwi, Kivu Kusini, Mwami Ntambuka na wenzake waliweka Pamoja Net, mtandao wa jamii unaorusha mawimbi kwa antena ndogo. Idjwi inaonyesha kwamba sehemu iliyosahauliwa na kampuni kubwa inaweza kujijengea njia, mradi kuwe na umeme, mtu wa kutengeneza mitambo, na pesa za kuiendesha.

Hatari mbili

Ya kwanza ni sheria. Vifungu vya 23 na 24 vya katiba vinalinda uhuru wa kusema na haki ya kupata habari. Lakini sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 inaadhibu anayeanzisha au kusambaza habari za uongo. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 na akatoka gerezani Machi 2024. Waendesha mashtaka walimhusisha na hati iliyopita kwenye WhatsApp na Telegram, yeye alikana. Msimbo ulio wazi haumlindi mtu ambaye simu yake imekamatwa.

Ya pili ni chuki. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu na kufukuza maelfu ng'ambo ya kushoto ya mto, hadi Lubunga. Katika hali kama hiyo, sauti moja ya uongo inayozungushwa usiku inaweza kuwasha nyumba asubuhi. Programu yenyewe haichagui upande: Gab, uwanja wa wenye siasa kali wa Marekani, ulichukua msimbo wa Mastodon mwaka 2019. Seva nyingi zilikata mawasiliano nao. Hakuna polisi aliyeamuru. Wasimamizi wenyewe ndio walioamua.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo kwa Basoko. Mtandao usio na mwenyewe mmoja unahitaji wenyewe wengi: watu wanaojulikana, wanaosema lugha za pale, wanaoweza kufuta uchochezi bila kufuta upinzani. Wasimamizi wa makundi ya WhatsApp tayari wanafanya nusu ya kazi hiyo, bila mafunzo wala kanuni zilizoandikwa. Uchaguzi wa rais unangojewa Desemba 2028. Anayetaka mjadala usikatike siku hiyo, afadhali aanze na wasimamizi hao sasa, wakati mtandao ungali wazi.