Mjonso una soko, lakini si kwa jina la dawa ya saratani

Mkulima wa Kasekese na vijiji jirani vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, hahitaji kuelezwa mjonso ni nini. Kwa Watongwe ni dawa chungu ya tumbo tangu enzi za mababu. Wahaya huuita mubirizi. Linalohitaji kujadiliwa ni biashara yake, hasa wakati huu ambapo unga wa mitishamba unanadiwa kwenye magulio kuwa unaponya saratani.

Madai hayo yana mahali yalipoanzia. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa mmea huu una kemikali iitwayo vernodalini, inayodhuru chembe za uvimbe maabara. Mwaka 1987, huko Mahale mkoani Kigoma, Mtongwe Mohamedi Seifu Kalunde na mtafiti Michael Huffman walimwona sokwe jike mgonjwa akitafuna kiini cha shina la mjonso na kunyonya maji yake. Kesho yake alikuwa na nafuu. Majani yake pia yana antioksidanti, yaani vitu vinavyopunguza uharibifu wa chembe za mwili.

Hata hivyo, chembe ndani ya kichupa si mgonjwa kitandani. Hata jiki huua chembe za saratani kichupani. Antioksidanti nazo zimo kwenye mchicha na embe, na hakuna anayeuza mchicha kwa bei ya dawa ya hospitali.

Tujifunze kwa jirani zetu wa Kenya. Katika miaka ya 1970, zaidi ya tani 27 za mmea wa jamii ya Maytenus zilivunwa Shimba Hills kwa ajili ya utafiti wa saratani wa Marekani. Kemikali yake, maytansini, ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilionekana kuwa na sumu kali mno. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani ya matiti yenye kemikali ya jamii hiyo, lakini malighafi yake hutokana na bakteria wanaokuzwa kiwandani. Soko la mti halikuja.

Kwa hiyo, mkulima asipange bajeti yake kwa kutegemea saratani. Apange kwa jani safi. Mjonso huota kwa vipandikizi, hivyo upandwe kando ya shamba badala ya kumaliza ule wa porini. Majani yakaushwe kivulini juu ya chanja, si chini kwenye vumbi. Kilo 10 za majani mabichi hubaki karibu kilo 2 yakikauka. Anayepanga bei bila kuhesabu hilo anauza kwa hasara.

Wanaotaka kuuza kama dawa waungane katika kikundi na kufuata Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayotaka waganga na dawa zao wasajiliwe na Baraza. Usajili una gharama, lakini gharama ikigawanywa kwa watu 20 inabebeka.

Na mteja akija na uvimbe au damu isiyokatika, mfanyabiashara asimuuzie pakiti. Amwelekeze hospitali, apewe rufaa ya Bugando au Ocean Road mapema. Saratani ya shingo ya kizazi ikigundulika mapema hutibika. Miezi inayopotea kwa kunywa unga hairudi, na habari za mteja aliyefariki akitumia unga huo zitafunga soko la kijiji kizima.