Nani Anamfuata Mwendesha Baiskeli wa River Road?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara kwa mara hupita hapa nchini wageni wa aina yao: mtu na mkewe, kila mmoja juu ya baiskeli yake, wametoka Misri na wanaelekea Afrika Kusini. Nyuma yao huja gari lenye kitanda na jiko ndani. Wakifika Marsabit, Isiolo au Nanyuki, watoto huwakimbilia, watu wazima hushika viuno, na wote husema kwa kauli moja, "Lo! Hawa wana miguu ya chuma!"

Siwanyimi sifa zao. Kutoka Kairo hadi Cape Town ni safari ya takriban kilomita 12,000, na jua la Marsabit halina mzaha. Lakini hebu tuulize, je, ni miguu peke yake? Gari lile la nyuma limebeba maji, chakula, tairi za akiba, dawa na blanketi. Mmoja akishikwa na homa, anapanda, analala. Jioni ikifika, wali uko tayari. Wanaosafiri kwa kundi nao ni vivyo hivyo. Msafara uitwao Tour d'Afrique, ulioanza mwaka wa 2003, hufuata njia hiyo hiyo kwa muda wa miezi kama minne. Malori hubeba mizigo ya waendeshaji, na wamo mpishi, fundi na mhudumu wa afya.

Na mabingwa je? Chris Froome alizaliwa papa hapa Nairobi mwaka wa 1985. Akiwa kijana alikuwa akienda Kikuyu kwa David Kinjah, na nyumbani kwa Kinjah ndipo vijana walipojifunza kuendesha baiskeli na kuitengeneza ikiharibika. Baadaye Froome alishinda mashindano ya Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Katika mashindano hayo kila timu hufuatwa na magari yaliyobeba mafundi, maji na baiskeli za akiba. Pancha ikitokea, haichukui hata dakika moja gurudumu jipya limefungwa. Kwa hivyo ndugu zangu, safari ndefu ina miguu mbele na msaada nyuma. Anayesifu miguu na kusahau gari amesoma nusu ya kitabu.

Sasa turudi nyumbani. Mtazame jamaa anayetoka Kangemi alfajiri na baiskeli yake ya Black Mamba, ile nzito yenye keria ya chuma. Anashuka Waiyaki Way, anapita Westlands na Museum Hill, anazunguka pale Globe na kuingia River Road kuchukua bidhaa kwa wauzaji wa jumla. Jioni anarudi na mzigo unaomzidi kimo. Tuseme kwenda ni kilomita 9 na kurudi ni 9. Kwa siku sita za juma ni kilomita 108. Akifanya kazi majuma 50 kwa mwaka, hizo ni kilomita 5,400. Piga hesabu mwenyewe: kwa miaka miwili na miezi michache, jamaa huyu ameshatoka Kairo na kufika Cape Town! Nani amempigia makofi? Anachosikia ni honi, na makanga anayepaza sauti, "Wewe mzee, toa hiyo kitu yako barabarani!"

Hapa ndipo nisipoelewa. Baiskeli ya mgeni tunaiita ushujaa, ya mwenyeji tunaiita umaskini. Kwani mnyororo na pedali si vile vile? Kitu ambacho mwenyeji hana ni gari la nyuma. Akipata pancha mbele ya lori, ni yeye na Mungu wake.

Kwa maoni yangu, gari la nyuma la mwendesha baiskeli wa River Road ni sisi sote, tukianza na wenye mamlaka. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera kuhusu wanaotembea na wanaoendesha baiskeli, na ndani yake kulikuwa na ahadi ya kuwatengea asilimia 20 ya fedha za uchukuzi. Ahadi ni deni. Mwaka wa 2022 ilifunguliwa barabara mpya ya kulipia, ambayo sehemu yake inapita juu, kutoka Westlands hadi Mlolongo, kilomita 27. Baiskeli haziruhusiwi kule juu. Sawa, sitaki mtu apande huko akutane na magari ya kasi. Lakini huku chini alikoachiwa, mbona hana njia yake tangu Kangemi hadi mjini bila kukatika? Kipande kikiwepo, baada ya hatua chache utakuta gari limeegeshwa juu yake.

Wapo watakaosema kuwa River Road ni nyembamba na nafasi haipo. Hiyo ni porojo. Barabara ya Luthuli inakutana na River Road, na ilikuwa na msongamano mbaya kabisa. Mwaka wa 2019 ilitengenezwa upya: magari yakaenda upande mmoja tu, na njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa. Maduka hayakufungwa. Nafasi ilipatikana kwa sababu kuna mtu aliyeamua kuitafuta.

Wengine watasema kwamba shujaa wa kweli hahitaji gari la nyuma, na watanitajia Dervla Murphy, mama wa Kiayalandi ambaye mwaka wa 1992, akiwa na umri wa miaka 60, aliendesha baiskeli peke yake kutoka Kenya hadi Zimbabwe. Kitabu chake, The Ukimwi Road, kilitoka mwaka wa 1993. Ni kweli hakuwa na gari. Lakini hata yeye alihitaji maji, chakula na mahali pa kulaza ubavu, na vyote hivyo vilikuwa mikononi mwa watu wa njiani. Hao ndio waliokuwa gari lake.

Basi sisi wa shule tufanye nini? Kwanza, wanafunzi wenzangu, tuache tabia ya kumwita mwenzetu anayekuja kwa baiskeli kutoka Uthiru au Kawangware "muuza mkate". Kuuza mkate si aibu, na yeye hufika darasani kabla ya wengi wetu tunaongoja matatu. Pili, kwa heshima na taadhima, naiomba shule itutengenezee mahali pa kufungia baiskeli, penye paa, pampu moja na sanduku la viraka. Gharama yake haishindi ya safari moja ya basi la michezo. Tatu, walimu wetu wapendwa mlio na magari, mkimpita mwendesha baiskeli mwachieni nafasi ya kutosha na msimpigie honi mgongoni. Nne, chama chetu cha Kiswahili kiandike barua kwa kaunti, kwa lugha sanifu, kuikumbusha ile asilimia 20. Midahalo tumefanya mingi. Barua moja haitatushinda.

Haba na haba hujaza kibaba. Pampu moja shuleni, dereva mmoja anayepunguza mwendo, kipande kimoja cha njia kisichoegeshwa gari. Hayo yakijumlishwa, jamaa wa Kangemi naye atakuwa na kitu kinachomfuata nyuma, na jioni atafika nyumbani salama kwa watoto wake. Wageni wamekuja, wametuonyesha, wamepita. Kupona ni juu yetu wenyeji.