Mgeni Mwenye Sauti na Muuaji Mwenye Hadithi

Lipo kundi la wasikilizaji, wala si dogo, linaloshikilia kwamba albamu ya De Mysteriis Dom Sathanas haistahili jina la Mayhem, bendi ya Norwei iliyoitoa mwaka 1994. Hoja yao ni moja: aliyetunga sehemu kubwa ya mashairi yake alikwisha kufa kabla ya albamu kurekodiwa, na aliyeyaimba ni mgeni kutoka Hungaria. Ajabu ni kwamba watu haohao, wakiulizwa kwa nini basi hawachoki kuizungumzia albamu hiyo, hujibu kwa habari za mauaji. Aliyefanya kazi wanamkataa. Aliyemwaga damu wanamkumbatia.

Kwa msomaji asiyeijua bendi hiyo, yatosha kusema kwamba iliundwa mwaka 1984 na ni miongoni mwa zilizoujengea msingi mtindo uitwao metali nyeusi: magitaa yanayovuma kama kusi lisilokatika, ngoma zisizopumua, na sauti ya kupasua koo mahali pa uimbaji. Mwaka 1988 ilimpata mwimbaji kutoka Sweden, Per Yngve Ohlin, aliyejiita Dead, yaani Mfu. Huyu ndiye mshairi wao. Aliandika juu ya baridi, makaburi, mwezi na roho isiyopata makazi, na Aprili 1991, akiwa na umri wa miaka 22, alijiua. Kiongozi wa bendi, mpiga gitaa Øystein Aarseth aliyejulikana kwa jina la Euronymous, aliipiga picha maiti ya mwenzake kabla ya kuita polisi. Mpiga besi Jørn Stubberud alichukizwa na kitendo hicho, akajitenga.

Wakabaki wawili, Euronymous na mpiga ngoma Jan Axel Blomberg. Safu ikajazwa upya: Snorre Ruch kwenye gitaa la pili, Varg Vikernes kwenye besi, na Attila Csihar, aliyekuwa akiimba katika bendi ya Tormentor kwao Hungaria, akaitwa aje kuimba. Kazi ilirekodiwa mwaka 1992 na 1993 mjini Bergen, katika Grieghallen, ukumbi wa okestra uliopewa jina la mtunzi Edvard Grieg, chini ya usimamizi wa fundi Eirik Hundvin. Tarehe 10 Agosti 1993, kabla albamu haijatoka, Vikernes alimuua Euronymous kwa kisu mjini Oslo. Mei 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Ruch, aliyefuatana naye usiku ule, alipata miaka 8. Mwezi huohuo albamu ikaingia sokoni, na jalada lake lina picha ya kanisa kuu la Nidaros la Trondheim.

Sasa, dai la kwanza. Eti shairi la marehemu lisitiwe kinywani mwa mwingine. Watu wa pwani wakilisikia dai hili watacheka. Ni utenzi gani uliofika hadi leo kwa koo la mtunzi wake? Tungo huishi kwa waghani, na mghani mbaya kuliko wote ni yule anayejitia kuwa ndiye mtunzi, akaiga kikohozi chake na mapozi yake. Csihar angeweza kufanya hivyo kwa urahisi. Rekodi ya onyesho la Leipzig la Novemba 1990 ilikuwapo, na humo Ohlin anasikika akiyakwaruza maneno kwa sauti ya mtu anayeungua. Kuiga mkwaruzo ule kungewaridhisha wote, na shairi lingekufa mara ya pili.

Mgeni hakufanya hivyo. Katika “Freezing Moon” anaingia kwa sauti ya chini, nzito, mithili ya kasisi aliyebaki peke yake kanisani baada ya waumini kutoka. Anayavuta maneno, anayatafuna, anaguna, kisha anayaachia ghafla. Katika wimbo wenye jina la albamu anaghani kwa mahadhi ya ibada, na vitisho vyote vya wimbo vimo katika utulivu huo, wala si katika ukelele. Kiingereza anachokiimba si lugha yake, wala hakikuwa lugha ya Ohlin. Silabi zinampinda ulimi, naye anaupokea mpindo huo na kuufanya mapambo. (Kilatini cha jina la albamu, tukiacha mengine, kingempatia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alama duni.) Ohlin aliimba kama anayekufa. Csihar anaimba kama aliyekwisha kufa zamani na sasa anasimulia. Ni tafsiri, na ni tafsiri bora, kwa kuwa imelitafuta alilolitaka mtunzi badala ya kuzinakili herufi zake.

Msomaji mcha Mungu atauliza kama inafaa kusifu ghani iliyobeba maneno ya aina hiyo. Swali lake ni la haki. Makanisa yaliyoteketezwa Norwei yalikuwa na waumini na makaburi ya wazee wao, na hakuna mahadhi yanayoweza kuufuta uovu ule. Lakini makanisa hayakuchomwa na sauti ya Csihar, na ndiyo maana dai la pili la mashabiki linachukiza zaidi kuliko la kwanza.

Dai hilo ni kwamba albamu imekuwa kuu kwa sababu muuaji na aliyeuawa wanapiga pamoja ndani yake. Kitabu kimeandikwa, filamu ya Lords of Chaos ikatoka mwaka 2018, na kila anayeiuza albamu huanza na kisu. Wazazi wa Euronymous waliomba jambo moja tu baada ya kumzika mtoto wao: besi ya Vikernes iondolewe. Blomberg alieneza habari kwamba angeipiga upya yeye mwenyewe. Hakuipiga. Baadaye alijieleza kwamba aliona inafaa muuaji na marehemu wawepo katika rekodi moja.

Inafaa kwa nani? Isikilizwe hiyo besi. Imezamishwa chini ya magitaa hata inabidi kuitafuta, na ikipatikana, inafuata tu njia iliyokwisha kuchongwa na gitaa la marehemu. Mpiga besi yeyote wa wastani angeijaza nafasi ile kwa siku chache, na sanaa isingepungukiwa kitu. Kilichookolewa ni hadithi, kwa sababu hadithi ndiyo iuzayo. Kwa ajili yake baba na mama walinyimwa haki ndogo kabisa, ya kutolisikia gitaa la aliyemuua mwana wao likilifuata gitaa la mwana wao.

Na Csihar, ambaye bila yeye mashairi ya Ohlin yangebaki katika kanda za maonyesho na rekodi chache zilizotawanyika, alilazimika kungoja hadi mwaka 2004 ndipo arudi rasmi katika bendi hiyo, huku mashabiki wakiendelea kubishana kama yeye ni Mayhem wa kweli.