Wenye Ulemavu Wapewe Shoka, Si Sarafu



Kila Ijumaa tutokapo msikitini tunawakuta mlangoni ndugu zetu wasioona na wasioweza kutembea wamenyoosha mikono. Tunatoa sarafu, tunapita, na nyoyo zinatulia kana kwamba wajibu umekwisha. Ijumaa ifuatayo wapo palepale. Tujiulize: hivi ndivyo alivyotufundisha Mtume (s.a.w.)?

Amepokea Abu Daud kwamba mtu mmoja katika Answari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume alimuuliza ana nini nyumbani, kisha akavinadi vitu vyake viwili kwa dirhamu 2. Moja ikanunua chakula cha familia. Ya pili ikanunua shoka, naye Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni. Baada ya siku 15 mtu yule alirejea akiwa amechuma dirhamu 10.

Shoka la zama zetu ni ujuzi, na leo ujuzi waweza kumfuata mwenye ulemavu nyumbani kwake kwa njia ya intaneti. Asiyeweza kupanda daladala husoma akiwa chumbani. Kiziwi humfuata kwa video mwalimu wa lugha ya alama, akirudia somo mara atakazo. Asiyeona hutumia NVDA, programu iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na mtu asiyeona. Humsomea kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta, nayo hutolewa bure. Hapa Tanzania, mwaka 2016, VETA na kampuni ya simu ya Airtel walianzisha VSOMO, ambapo nadharia ilisomwa kwenye simu na vitendo vikafanywa chuoni. Njia basi ipo. Kinachokosekana ni nia yetu.

Wapo wasemao kuwa intaneti ni mlango wa ufisadi. Maovu yamo, hatukatai. Lakini vijana wetu wazima wanayo intaneti hiyo hiyo mifukoni, hata ndani ya msikiti. Iweje hofu hii itujie pale tu anapotajwa kipofu?

Wengine husema ulemavu ni mtihani, basi wasubiri. Kweli ni mtihani, lakini sisi wazima nasi tunatahiniwa kwao. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa haoni. Aya za mwanzo za Surat Abasa ziliteremka kwa ajili yake, akawa mwadhini, na Mtume (s.a.w.) alipata kumwachia usimamizi wa Madina alipokuwa safarini. Hakuwekwa mlangoni.

Wa tatu hudai kuwa zaka haifai kununulia kompyuta. Hawa warejee vitabu vya madhehebu yao. Imam Nawawi, katika Al-Majmuu, ameeleza kuwa fukara mwenye ufundi hupewa kiasi cha kununulia zana za kazi yake, ziwe za thamani ndogo au kubwa. Sisi tunaigawa zaka vipande vidogo hadi haimtoi yeyote katika ufukara.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kompyuta peke yake haifundishi. Bila mwalimu wa kumfuatilia mwanafunzi, bando, umeme na cheti kinachotambulika, kompyuta itaishia kuuzwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Lakini sheria hiyo itamfaa nini asiye na ujuzi wa kuonesha?

Basi kila kamati ya msikiti, kabla ya Ramadhani ijayo, ifanye mambo matatu. Iwatambue wenye ulemavu wa mtaa wake na kuwauliza wanataka kujifunza nini. Chumba cha madrasa kinachokaa kitupu asubuhi kitiwe intaneti, na ngazi zake ziwekewe njia ya kiti cha magurudumu. Zaka imnunulie zana fukara mmoja angalau, ziwe mali yake, na sadaka zilipe ada na bando.

Tunapaka rangi minara huku wenye haki katika mali zetu wamekaa chini ya vivuli vyake. Kesho mbele ya Mwenyezi Mungu kila mmoja ataulizwa mali yake aliitumia wapi. Tuandae jibu.

Wabillahi tawfiiq.